Sare yangu ya chesi Upanga haikuwa ya kuogopana

Jumapili jioni nilipofika kijiweni kwetu Magomeni, wazee walikuwa kwenye drafti, vizibo vya soda vimejipanga ubaoni. Nikawapa shikamoo. Mmoja akaitikia bila kuinua macho: "Marahaba. Chesi imeendaje? Umemla?"

"Sare, mzee."

"Aa! Mmeogopana tu."

Iliniuma. Tulikaa muda wa karibu saa nne, mimi na kijana niliyecheza naye, kwenye ukumbi wa mashindano Upanga wenye feni moja.

Yeye, mwenye nyeupe, alipeleka askofu mraba wa b5 hatua ya tatu, ufunguzi wa Kihispania. Nikajibu kwa farasi f6. Huo ndio Ulinzi wa Berlin, na sifa yake mbaya ni hiyohiyo: sare. Lakini mwaka 2000, London, Vladimir Kramnik aliutumia kumbana Garry Kasparov, bingwa wa dunia kwa miaka 15, asishinde hata mchezo mmoja. Taji likaondoka kwa pointi 8.5 dhidi ya 6.5.

Na si ulinzi wa raha. Ukicheza njia yake maarufu, hatua ya nane malkia wote wameshaliwa, mfalme wako yuko wazi d8, hawezi tena kujificha nyuma ya ngome, na askari wako wawili wamepangana safu moja ya c. Ulichonacho ni maaskofu wawili na subira. Wapo wanaoutumia kupeana mikono mapema wakanywe chai, sikatai. Hao wazee wawaseme.

Sisi tulifika hatua ya 61. Alikuwa na askari mmoja zaidi, yuko e5. Farasi na ngome zimekwisha. Yeye amebaki na askofu wa miraba myeusi, mimi wa myeupe, na askofu habadili rangi ya miraba yake. Nikamkalisha mfalme wangu e6, mraba mweupe, mbele ya pua ya askari wake. Askofu wake akazunguka, akarudi, akazunguka tena, na hana njia ya kumgusa. Mwishowe akanyoosha mkono. Kiganja kimelowa jasho kama changu.

Nikataka kumwonyesha mzee kwa vizibo, ila kwenye drafti kete zote hutembea rangi moja, ikabidi nianze mbali. Akasikiliza.

"Sasa huyo mwenye kete nyingi, muda wote huo alikuwa anangoja nini?"

"Nikosee, mzee."

Akakuna kidevu, akarudi kwenye drafti yake.