Likizo ya mipango ya India inalaumiwa kupita kiasi

Kuanzia Aprili 1966 hadi Machi 1969 India haikuwa na mpango wa miaka mitano. Wa Tatu uliisha, wa Nne haukuanza, na serikali ikajiendesha kwa mipango ya mwaka mmoja mmoja. Kipindi hicho kikabandikwa jina la "likizo ya mipango", na jina likanata. Ukilisikia unadhani Tume ya Mipango ilifunga ofisi.

Kumbuka hali ilivyokuwa: vita viwili ndani ya miaka mitatu (na China 1962, na Pakistan 1965), misaada ya Marekani kusitishwa, ukame misimu miwili mfululizo. Tarehe 6 Juni 1966 rupia ikashushwa thamani, dola moja ikatoka rupia 4.76 hadi 7.50. Mtambo wa dola milioni moja, uliokadiriwa rupia milioni 4.76, sasa unadai milioni 7.5. Mpango mkubwa umejaa makadirio ya aina hiyo. Kuupitisha hivyo hivyo ni kujifunga miaka mitano kwa bei ambazo hazipo tena sokoni.

Kilimo, kwa upande wake, hakikuwa likizo hata siku moja. Mwaka 1966 ziliagizwa tani 18,000 za mbegu ya ngano fupi kutoka Mexico. Ngano ndefu ya kienyeji ukiitia naitrojeni nyingi hurefuka, suke linalilemea bua, shamba linalala. Fupi husimama, ila ina masharti yake. Ifukiwe sentimita tano hivi. Ikizikwa chini sana chipukizi haifiki juu. Maji ya kwanza yaje wiki ya tatu, mizizi ya juu inapoanza kutoka. Yakichelewa, mashina ya pembeni hupungua na mbolea inakwenda bure. Mbegu, mbolea na pampu zikutane katika msimu mmoja, na kwa kazi hiyo bajeti ya mwaka inatosha.

Msimu wa 1967/68 ngano ilifika tani milioni 16.5. Wengi huilinganisha na 11.4 za msimu uliotangulia, na hapo anayesema "ni mvua tu iliyorudi" ana haki. Basi tulinganishe na 1964/65, mwaka mzuri kabla ya ukame: milioni 12.3. Ongezeko bado linapita theluthi. Mchele je? Milioni 37.6, wakati 1964/65 ulikuwa 39.3. Kama sifa zote ni za mvua, mbona mchele haukurudi hata pale ulipokuwa?

Wanaolaumu wana hoja yao, nayo iko viwandani. Uwekezaji wa serikali ulikatwa, reli ikapunguza oda za mabehewa, viwanda vya uhandisi vikabaki na mashine zisizo na kazi. Mpango wa mwaka mmoja haumhakikishii mwenye kiwanda oda ya mwaka wa nne. Ni kweli, ila kilichokosekana ni fedha, na kitabu cha mpango hakichapishi dola.

Lawama hizo zingefaa zaidi kwingine. Mwaka 1978 serikali ya chama cha Janata, kilichomwondoa waziri mkuu Indira Gandhi, iliukatisha Mpango wa Tano mwaka mmoja kabla ya muda wake, ikaleta mpango wa kusogezwa mbele kila mwaka. Gandhi aliporudi madarakani 1980 akaufuta huo nao, hesabu zikaanza upya. Safari hiyo kilichobadilika kwanza ni serikali.