Mita Tatu kwa Tano za Uani Kwangu

Mimi si mtu wa makuu. Wapo waliostaafu wakaongeza mke. Wapo walionunua bodaboda tatu wakampa shemeji azisimamie, na leo hawasalimiani na shemeji. Mimi nilitaka kiwanja cha gofu cha mita tatu kwa tano tu, uani kwangu hapa Gungu, Kigoma, kati ya choo na banda la kuku, pale tulipokuwa tunamwaga maji ya vyombo.

Chanzo ni Dar. Nilikwenda kumsalimia mdogo wangu, akanipeleka Lugalo kuangalia watu wazima wakicheza gofu. Nikamwona mzee wa makamo yangu, kitambi kama changu, anasukuma kimpira taratiiibu, kinaingia shimoni, wenzake wanapiga makofi. Hakukimbia. Hakutoka jasho. Nikajiuliza, miaka yote hii nilikuwa wapi? Nikarudi Kigoma kwa treni na vimpira vitatu na fimbo moja ya mtumba, ile ya kusukumia mpira shimoni, wenyewe wanaiita pata. Safari nzima kila aliyepita kwenye behewa alinipa pole na kuuliza mguu umepatwa na nini.

Nyasi za kweli sikuzifikiria mara mbili. Zile za kuzunguka shimo la gofu hukatwa mpaka zikabaki milimita tatu au nne, na zinataka maji kila siku, wakati bomba letu linatoa maji likijisikia. Basi, nyasi bandia.

Kumbe nyasi bandia nazo zina koo zake! Niliuziwa pale Mwanga zile ndefu, za kutandika saluni na kwenye majukwaa ya harusi. Nikapiga mpira, ukaenda hatua moja, ukajikunja humo kama kuku aliyepata kiota. Za gofu ni fupi, sentimita moja na kidogo, tena zimebanana. Zile ndefu mama watoto akazitandika mlangoni pa choo, mimi nikaagiza nyingine Kariakoo. Bei siitaji. Hata yeye sijamtajia.

Na zulia ndilo jambo dogo, kazi iko chini yake. Unachimba sentimita kumi, unajaza kokoto ndogo na vumbi la mawe, unamwagia maji, unashindilia, unamwagia tena, unashindilia tena, mpaka mgongo uanze kukukumbusha mwaka uliozaliwa. Na lazima uache mwinamo kidogo ili mvua ikinyesha maji yajiondokee. Halafu shimo. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108. Waskoti wa St Andrews walishalipima tangu 1891 na halipanuliwi, hata mchezaji awe na shida gani. Fundi wangu, ambaye ni fundi vigae, akatazama kipimo, akacheka peke yake, akaenda kuleta kipande cha bomba la inchi nne. La choo. Likakaribia kabisa, nikasema potelea mbali.

Sasa jirani kachungulia ukutani: anaona choo, kokoto, bomba la choo, na mimi nimeinama juu yake na rula. Akatangaza mtaa mzima kwamba chemba yetu imejaa. Wiki nzima hakuna mgeni aliyekuja kula kwangu. Hilo sikumlaumu.

Zulia lilikuja vipande viwili. Nyasi hizi zina upande zinakolalia, kama manyoya ya paka, na vipande vyote vinatakiwa vilale upande mmoja. Fundi akakigeuza kimoja, eti kwa vigae ndivyo inavyopendeza. Matokeo yake nusu ya kiwanja ni kijani, nusu ni kama imepitiwa na mbuzi, na mpira ukivuka mshono unapunguza mwendo kama daladala iliyoona trafiki.

Hata hivyo nilicheza. Ilikuwa 2024, Ziwa Tanganyika limefungwa kwa wavuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sisahau tarehe hizo. Mwaloni Kibirizi hakuna dagaa, mama mkwe katulia kwake Ujiji, mimi naamka alfajiri na msuli wangu na ndala, tok, tok, kabla jua halijapanda. Jua likipanda nyasi hizi zinawaka kama kikaango, mguu mtupu hukanyagi.

Ziwa likafunguliwa. Mwezi ulikuwa unajaa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo nikapata siku za nyongeza. Giza likaingia. Asubuhi moja natoka na fimbo yangu, nakuta ua wote unameremeta. Dagaa! Kutoka mshono mpaka shimoni, wamepangwa kama mahujaji. Mama mkwe kakaa kwenye kigoda, kuti la mchikichi mkononi, anafukuza kuku.

"Mkwe wangu, Mungu akuzidishie," akasema. "Umenijengea kichanja."

Ningemjibu nini? Mkwe hajibiwi. Na akanieleza kila kitu kwa furaha: dagaa wa kuanikwa chini wana mchanga na bei yao ni ya kubembeleza, ila hapa hawagusi ardhi, maji yanachuruzika yenyewe kwa sababu ya mwinamo, na joto la zulia linawakausha mapema. Ule mgongo wangu ulioteseka na kokoto, kumbe ulikuwa unamfanyia kazi yeye.

Nikajaribu ujanja. Kwa kawaida nyasi hizi humwagiwa mchanga laini, ukausugua kwa ufagio ukaingia katikati yake, zikasimama na mpira ukaenda sawa. Nikaleta ndoo mbili. Mama watoto akatoka jikoni mbio na mwiko.

"Baba watoto! Mchanga? Kwenye dagaa wa mama?"

Ndoo ziko nyuma ya banda mpaka leo. Upande uliopitiwa na mbuzi, mama mkwe amewakodisha shoga zake wawili. Kodi siioni.

Kwa hiyo sasa nangoja mbalamwezi. Wavuvi wakipumzika, uani panafagiliwa, nami natoka usiku kupiga vimpira kwa mwanga huohuo uliowafukuza ziwani. Juzi nilipiga mkwaju ambao sijawahi kuupiga: mita nne, mpira ukavuka mshono, ukapinda, ukafika mdomoni mwa shimo, ukasimama. Nikaenda kuinama. Dagaa mmoja mkavu kalala ukingoni, kauzuia.

Nikiwa bado nafikiria kama sheria inaniruhusu kumwondoa, paka wa jirani akashuka ukutani, akamla dagaa, akanusa mpira, akaupiga kofi moja. Ukaingia.

Mpaka sasa sijui mkwaju ule nimwandikie nani.