Maadili ya tiba yamejificha kwenye habari ya wasamaria wema

Wanafunzi wa uandishi wa habari hapa Mwanza huniletea mara kwa mara mada ya utafiti inayofanana: namna vyombo vya habari vinavyoripoti maadili ya tiba. Ni mada ninayoipenda. Shida huanza wanapochagua habari za kuchambua, kwa sababu karibu wote hukimbilia yale makubwa: kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo mwaka 2011, mlipuko wa homa ya Marburg Kagera mwaka 2023, chanjo. Wanatafuta palipoandikwa neno "maadili", wanakusanya, wanahesabu.

Loliondo inastahili kuchambuliwa. Watu kwa maelfu walikwenda kijijini kwa Babu, Samunge, kunywa kikombe cha shilingi 500 wakiamini kinaponya, na habari nyingi nilizosoma wakati ule zilishughulika na urefu wa foleni kuliko swali la mgonjwa wa kisukari au anayetumia ARV, dawa za VVU: akirudi nyumbani, dawa zake anaziendeleza au anaziacha?

Lakini ipo habari nyingine, fupi, ya kurasa za ndani. Ina picha ya mtoto kitandani, uvimbe ukiwa wazi. Ina jina lake kamili, kijiji chake, ugonjwa wake na namba ya simu ya mama yake. Kichwa chake tunakijua sote: anaomba msaada wa wasamaria wema. Neno maadili halimo humo hata mara moja, kwa hiyo mtafiti anaipita.

Naijua vizuri kwa sababu nimewahi kuiandika.

Nilikuwa mwandishi wa kujitegemea, nalipwa kwa habari iliyotoka. Nikadokezwa kwamba kuna mtoto wa miaka sita ameletwa kutoka visiwani, taya limevimba, wazazi wamekwama na gharama. Nikaenda wodini saa ya kuona wagonjwa. Mama yake alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko cha chai, akikipitisha upande mmoja wa mdomo, ule uliokuwa bado unafunguka. Nikamwambia nimekuja kumsaidia. Nikamwomba aondoe kanga aliyomfunika nayo shavuni ili picha itoke vizuri. Akaniangalia kidogo, akasema, "Sawa, kaka," akaiondoa. Ridhaa niliyoipata ni hiyo tu, tena kutoka kwa mama mwenye deni, akiwa mbele ya mtu aliyemtajia pesa.

Pesa zilikuja, na mtoto akapona. Ilikuwa saratani ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Kampala, ng'ambo ya ziwa hili hili, na bahati yake ni kwamba husikia dawa ikiwahiwa. Mhariri alinipongeza. Kwa miaka mitano niliihesabu kuwa miongoni mwa kazi zangu nzuri.

Halafu siku moja nikawa soko la Mwaloni, Kirumba, nanunua dagaa. Mama aliyekuwa ananipimia akasita, sado mkononi.

"Wewe si yule mwandishi wa wodini?"

Hakuwa na hasira. Aliniambia mwanawe yuko darasa la tano na shuleni wanamwita Msaada. Kuna mtu aliiona habari kwenye simu, ikasambaa. "Shavu limerudi kabisa, ukimwona huwezi kujua. Ila ile picha bado ipo, kaka."

Tangu siku hiyo kila nikisoma habari ya namna ile nawalinganisha waandishi na watafiti wa tiba, na mji wetu unawajua watafiti. Kati ya 1991 na 1994 jamii 12 za mkoa huu zilishiriki utafiti uliopima kama kutibu magonjwa ya zinaa kunapunguza VVU, na maambukizi mapya yalipungua kwa takriban asilimia 40. Leo, anayetaka damu kidogo tu ya mtoto kwa ajili ya utafiti lazima kwanza apite kwenye kamati ya maadili. Mzazi husomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, na asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi. Huambiwa pia kwamba akikataa, matibabu ya mwanawe hayataguswa. Mwandishi anaingia wodi ile ile, anatoka na sura ya mtoto, jina lake na ugonjwa wake, bila karatasi yoyote. Na hii ni nchi ambayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Sitaki waandishi wafukuzwe hospitalini. Huko Tuskegee, Alabama, kuanzia mwaka 1932, madaktari wa serikali ya Marekani waliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwaambia ukweli, na hata penisilini ilipopatikana hawakuwapa. Matokeo yalikuwa yakichapishwa kwenye majarida ya kitabibu, wataalamu wakisoma. Utafiti ule ulikuja kusimamishwa baada ya habari ya Jean Heller wa shirika la habari la AP, Julai 1972. Heller alifanyia kazi nyaraka, na waliovuliwa nguo mbele ya watu ni wenye mamlaka.

Mimi nilimfunua mtoto. Sikuuliza kama ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ile ilikuwa imewaona wale wazazi kuhusu msamaha wa gharama, wakati sera ya nchi inaitaja saratani kati ya magonjwa yanayostahili msamaha. Lilitakiwa liwe swali langu la kwanza. Lingeweza kuwasaidia na wa vitanda vya jirani, na picha isingehitajika.

Kwa hiyo mwanafunzi akija sasa namwambia aanze na habari za wasamaria wema za mwaka mmoja. Aangalie nani kapigwa picha na nani kaombwa maelezo. Aangalie kama kuna mtu yeyote mwenye cheo aliyeulizwa kwa nini familia imekwama. Kisha, akiweza, amtafute mgonjwa mwenyewe, maana hakuna jedwali litakalomwambia kuhusu yule anayeitwa Msaada.

Siku ile, palepale Mwaloni, nilimpigia mhariri wangu wa zamani. Habari iliondolewa mtandaoni jioni ile ile. Nilipomrudia mama kumweleza, alitoa simu yake, akanionyesha picha ile ile kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa shule.