Pua Haitoshi: Kuhusu Kupima Hewa ya Chumbani

Wapo wanaosema, na si bila sababu, kwamba kupima kemikali katika hewa ya nyumba zetu hapa Mwanza ni anasa. Madhara ya moshi yanajulikana; Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na Serikali imekwisha kuweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Fedha za vipimo, wanasema, zinunue mitungi ya gesi.

Hoja hiyo ingetosha kama kila sumu ingeonekana. Mvua ikishika mtaani Mabatini, jiko la mkaa huondolewa barazani likaingizwa chumbani, makaa yakiwa yamekwisha kukolea na moshi umeisha, na waliomo humo huona hatari imepita. Kumbe ndipo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inapojaa.

Kinachonisumbua zaidi ni wastani. Shirika hilo linapendekeza gesi hiyo isizidi miligramu 4 kwa mita ya ujazo kwa saa 24, na 35 kwa saa moja. Tuchukulie chumba chenye miligramu 60 kwa saa moja ya mapishi ya jioni, kisha hewa safi kabisa kwa saa 23 zilizobaki: wastani wa siku ni 2.5, nyumba imefaulu, ilhali mtoto aliyebebwa mgongoni amevuta, katika saa ile moja, karibu mara mbili ya kiwango. Namba isiyotaja muda wake hailindi mtu.

Nakiri kwamba vifaa vya bei nafuu vina kasoro. Vinavyohesabu vumbi kwa mwanga hudanganywa na unyevu wa ziwa na mvuke wa sufuria ya ugali. Vinavyosoma kemikali kwa jumla havitofautishi benzini, kemikali ya sumu, na marashi. Vichupa vyenye mkaa maalumu (mkaa tena, ila huu hunasa benzini) husomwa maabara kwa uhakika zaidi, lakini navyo hutoa wastani wa siku kadhaa.

Hata gesi, iliyo bora kuliko mkaa kwa mbali, huzalisha nitrojeni dayoksaidi, gesi inayodhuru mapafu, inapowaka. Kwa hiyo anayegawa mitungi angepima kabla na baada, katika chumba kilekile, saa ya mapishi, mlango ukiwa umefungwa kama siku ya mvua.