Cézanne na koti lake zito

Ukitaja Waimpreshonisti, wale wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19, wengi wanakumbuka rangi: bustani, maji yanayometameta, jua la asubuhi. Mimi picha yao ninayoipenda kuliko zote haina rangi. Ni wino mweusi kwenye karatasi ya sentimita 27 kwa 21 hivi, na ndani yake yumo mwanamume mwenye ndevu timtim, kofia kichwani, koti zito utadhani mlinzi wa usiku. Ni mchoraji Paul Cézanne. Aliyemchora ni mwenzake wa kundi hilo, Camille Pissarro, mwaka 1874.

Nimeikuza mara nyingi kwenye simu ili nilitazame lile koti. Ukilisogelea ni mikwaruzo mitupu, imepishana na kukatizana hadi giza likashika. Ukirudi nyuma, unauhisi uzito wa kitambaa mabegani. Usoni ndipo mkono ulipopunguza mwendo.

Picha hii ni chapa, yaani imepigwa kwenye karatasi kutoka kwenye bamba, na wapo wanaozidharau chapa, eti ni fotokopi. Hawajui shughuli yake. Bamba la chuma hupakwa nta, msanii akachora kwa sindano akiifungua nta hiyo, kisha bamba likatiwa kwenye tindikali ili iule mstari. Wino ukishaingia kwenye mifereji, karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu yake. Picha inatoka imegeuka, kulia kuwa kushoto. Huko Auvers, kijiji karibu na Paris, Daktari Paul Gachet alikuwa na mashine ya kazi hiyo nyumbani kwake, na mwaka 1873 Pissarro na Cézanne walikuwa wakijaribu mabamba yao pale.

Pissarro hakuwa mtoto wa Paris. Alizaliwa mwaka 1830 kisiwani St. Thomas, Karibiani, wakati huo koloni la Denmark, katika familia ya Kiyahudi yenye duka. Duka halikumkaa. Mwaka 1852 akatorokea Venezuela na mchoraji Fritz Melbye, na mwaka 1855 akahamia Ufaransa. Vita vya 1870 kati ya Ufaransa na Prussia, ufalme wa Kijerumani, vilipozuka alikimbilia London. Aliporudi Louveciennes, karibu na Paris, alikokuwa akiishi, alikuta askari wa Prussia wameigeuza nyumba yake kambi, na picha zake nyingi, kazi ya miaka, zimeharibiwa. Nyingine zilitandazwa chini zikakanyagwa kwa mabuti.

Halafu ukaja huo mwaka 1874. Aprili alimzika binti yake Jeanne, mtoto wa miaka minane. Mwezi huohuo yakafunguliwa maonyesho ya kwanza ya kundi lao Paris, na watu wakacheka. Cézanne alichekwa zaidi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaomweka Pissarro nyuma ya Claude Monet, mchoraji maarufu zaidi wa kundi hilo, kama mtu mpole wa kujazia safu. Alimtazama rafiki aliyekuwa kichekesho cha mji, asimpambe wala asimwonee huruma. Hakumchana nywele, hakumvisha suti. Alimwacha na koti lake la kuchorea nje kwenye baridi ya Pontoise, mji karibu na Paris ambako Pissarro alimfundisha kutulia mbele ya mti hadi auone vizuri. Kwangu hapo kuna heshima kuliko picha nyingi za rangi ya mafuta za matajiri waliolipia sura zao.

Pissarro alifariki mwaka 1903. Mwaka 1906 Cézanne, mzee wa miaka 67 ambaye vijana wa Paris walikuwa wakimfuata kama nabii, alipeleka kazi kwenye maonyesho ya mji wa kwao, Aix. Kwenye orodha ya washiriki alitambulishwa kuwa mwanafunzi wa Pissarro.