Mimi sina ugomvi na mtu

Baba mdogo wangu wa Kibosho sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Ng'ombe akivunja uzio akaingia kwenye mahindi, yeye anacheka kwanza, halafu ndiyo anatafuta fimbo. Jumapili moja wauguzi walikuja kupima watu presha bure nje ya kanisa. Akaketi, akafungwa mkanda mkononi, mashine ikasoma 178 kwa 104. Wakampumzisha, wakarudia, ikashuka kidogo tu. Akanigeukia: "Mwanangu, mashine hii ni mbovu. Mimi sina ugomvi na mtu."

Jibu lile halijanitoka. Tumeifanya presha kuwa jina jingine la hasira. "Usinipandishe presha," konda anamwambia abiria pale stendi ya Moshi. Simba na Yanga zikikutana, mtaa mzima una presha. Ndiyo maana mtu mpole anajihesabu yuko salama, na aliyekutwa nayo anaambiwa apunguze mawazo. Mawazo yanachangia, sikatai. Lakini tukiyatwika mzigo wote, sufuria ya jikoni inaponea hapo hapo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Humo mna ya mboga, ya mkate, ya supu ya asubuhi na ile unayonyunyiza juu ya chipsi kabla hata hujaonja. Sisi huku tuna na magadi. Wengi hawayahesabu kwa kuwa ladha yake si ya chumvi, ila yamejaa sodiamu, ile ile inayoufanya mwili ushikilie maji na damu iisukume mishipa kwa nguvu zaidi. Pika kiburu, ndizi zetu na maharage, bila magadi uone wazee watakavyokutazama. Mama siku hizi analoweka maharage usiku kucha badala ya kutia magadi, na yanaiva vizuri tu, ingawa ubishi wa ladha nyumbani kwetu haujaisha, na mimi nakiri niko upande wa wazee.

Halafu ifike Desemba, watu wapande kutoka Dar, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ikatwe. "Mbege ni chakula," utaambiwa. Ulezi na ndizi vimo, kweli, lakini na kileo kimo, na kileo kikizidi kinapandisha presha, kiwe cha kwenye kata au cha kwenye chupa. Umri, unene, sigara, kisukari na damu ya wazazi wako navyo vina sehemu yao.

Kinachonikera zaidi ni habari ya vidonge. Baba mdogo alimeza mwezi mmoja, akapimwa, ikawa 130 kwa 82. Akaacha. "Nimepona," akatangaza, na nusu ya ukoo ikamwamini. Namba zilikuwa nzuri kwa sababu alikuwa anameza! Kichwa hakikumuuma, kizunguzungu hakuwa nacho, naye akachukulia hiyo kuwa ushahidi. Presha mara nyingi haikuambii lolote, hadi siku kiharusi kinapokuja au figo zinapochoka. Ilibidi shangazi, dada yake mkubwa, ashuke kutoka Rombo kumgombeza ndipo akarudi kliniki. Sasa vidonge vinakaa kwenye kikombe cha mswaki, na mjukuu ndiye msimamizi.

Mwezi uliopita nikaona aibu kumhubiria mtu kitu ambacho mimi mwenyewe sijapima. Nikaenda. Nilikaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea kiti, mkono mezani usawa wa moyo, kahawa sijagusa. 144 kwa 92. Nikajiambia ni ule mlima wa kutoka sokoni. Wiki iliyofuata nikarudi, safari hii kwa bodaboda: 146 kwa 91. Nina miaka 43 na kitambi kinachoanza kujulikana.

Siku zote mbili hakuna aliyekuwa ameniudhi.