Tusikitupie lawama kitakasa mikono
Mwandishi wa makala niliyoisoma anasema mikono ya wauguzi ilichanika wakati wa korona kwa sababu ya vitakasa mikono vyenye spiriti. Mimi ni muuguzi hapa Kigoma, na hapo sikubaliani naye. Kitakasa kilichotengenezwa vizuri kina gliserini, kwa hiyo hakikaushi ngozi kama sabuni. Kinachoma zaidi pale ngozi ilipokwisha kupasuka. Kilichotuumiza wodini ni kunawa kwa sabuni kila baada ya mgonjwa, tena sabuni ya mche ya kufulia, kisha kuvaa glavu mikono ikiwa bado na maji. Unyevu ukifungiwa humo, pamoja na jasho la joto la huku ziwani, ngozi inalainika na kuchubuka. Nimeona pia watu wakinawia klorini ya kusafishia sakafu, asilimia 0.5, badala ya ile ya mikono ya asilimia 0.05. Kali mara kumi! Jambo hili linaniuma, maana mwenye vidonda huanza kukwepa kunawa. Kausheni mikono kabla ya glavu, na mkitoka zamu mjipake mafuta ya mgando. Wenzangu wa Kasulu na Kibondo, nyie mlipewa mafuta kazini au mlijinunulia?